Sura ya Saba: Mshono Ulioachana

Boti ya kujaza upepo haina mataruma, haina mkuku wa mti wala misumari. Umbo lake lote hutokana na hewa iliyofungiwa ndani ya kitambaa kilichopakwa plastiki, na kitambaa hicho hukatwa vipande bapa ambavyo huwa tyubu pale tu kingo zake zinapounganishwa. Kwa sababu hiyo mshono wa boti ya namna hii hubeba mzigo muda wote boti inapokuwa imejazwa, hata ikiwa imelazwa bandani bila abiria wala injini. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mafundi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wamerithi ujuzi wa kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao za chombo kwa pamba iliyotiwa mafuta. Katika jahazi mbao hushikwa na misumari na mataruma, na kalafati huachiwa kazi ya kuzuia maji peke yake, ilhali katika boti ya upepo gundi hushika na kuziba kwa wakati mmoja. Fundi anayejaza gundi kwenye ufa wa mshono ulioachana, kwa mazoea ya kalafati, huzuia uvujaji kwa siku chache na kuuacha mzigo bila mbebaji.

Kitambaa chenyewe kinapaswa kueleweka kabla ya gundi. Polivinili kloridi, ambayo wengi huiita PVC tu, ni plastiki ngumu katika hali yake ya kwanza, kama inavyoonekana kwenye mabomba ya maji, na ilianza kunyumbuka mwaka 1926, pale Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich nchini Marekani, alipoipasha moto pamoja na vimiminika vizito. Vimiminika vya aina hiyo huitwa vilainishi, na jambo la kukumbuka juu yake ni kwamba vimechanganyika na plastiki bila kufungamana nayo kikemia, hivyo kadiri miaka inavyopita huhama polepole hadi juu ya kitambaa na kuingia katika chochote kinachogusana nacho, gundi ikiwemo. Gundi ya viatu iliyotengenezwa kwa neoprini hushika PVC vizuri siku za mwanzo, lakini vilainishi huilegeza kidogo kidogo hadi ikabaki utando unaonata tu, na ndiyo maana viraka vingi vinavyobandikwa kwa gundi hiyo hubanduka vyenyewe boti inapoachwa juani. Katikati ya plastiki mna kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za poliesta, ambacho ndicho hasa kinachohimili mvuto, wakati kazi ya plastiki ya pande mbili ni kuzuia hewa isipenye, na unene wa tabaka zote kwa pamoja kwa kawaida hukaribia milimita 1.

Si kila boti ya upepo ni ya PVC. Boti nyingi za kazi nzito zimetengenezwa kwa mpira ambao kampuni ya DuPont iliuuza kwa jina la Hypalon hadi ilipoacha kuuzalisha mwaka 2010, na jina hilo limeendelea kutumiwa kwa mipira ya jamii hiyo inayotengenezwa na wengine. Gundi na matayarisho ya nyenzo hizi mbili hayalingani, kwa hiyo kosa la kuzichanganya huharibu kazi tangu mwanzo. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni kuchagua mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya mkanda wa kushikia, na kupasugua kwa pamba iliyolowa asitoni kidogo: PVC hulainika na kunata kwenye kidole, ilhali mpira wa Hypalon haubadiliki. Msasa nao hutoa jibu, kwani mpira huo hutoa vumbi linalofutika wakati PVC hujikunja na kupakaa. Katika sura hii yanazungumziwa yale yahusuyo PVC peke yake, nyenzo iliyoenea zaidi katika boti ndogo zinazotumiwa na wapiga mbizi, wavuvi wa burudani na vituo vya watalii.

Nguvu inayoukabili mshono inaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Tyubu yenye kipenyo cha sentimita 40, ikijazwa hadi shinikizo la ndani lizidi la nje kwa baa 0.25, yaani takriban robo ya shinikizo la hewa la kawaida usawa wa bahari, huvuta kila sentimita ya mshono wake wa urefu kwa nguvu ya newtoni 50, ambayo ni karibu uzito wa kilo 5. Ikiwa kingo mbili zimepandiana kwa upana wa sentimita 4, mzigo huo husambaa juu ya eneo lote lililogandishwa, na kila sentimita ya mraba hubeba zaidi kidogo ya kilo moja, tena kwa mvuto unaokwenda sambamba na tabaka la gundi. Gundi yoyote nzuri humudu mvuto wa namna hii bila taabu. Mambo hubadilika kabisa pale ukingo mmoja unapoinuliwa, kwa sababu hapo mzigo wote huangukia mstari mwembamba ulio mbele ya ufa, na gundi iliyokuwa ikishika kwa upana wake wote hulazimika kushika kwa upana usiofika hata milimita moja. Kubandua ukingo kwa vidole viwili kunatosha kumwonyesha mtu jinsi mshono ambao watu wawili hawakuweza kuuvuta ukatelezeka unavyofunguka kwa mkono mmoja. Ukarabati wa mshono, kwa hiyo, una shabaha mbili zinazokwenda pamoja: kurudisha mshiko wa gundi, na kuhakikisha kwamba mzigo unarudi kuwa wa sambamba, bila ukingo wowote ulioachwa huru kuinuka.

Kabla ya kufikia hatua ya kugandisha, mshono ulioachana unapaswa kusomwa. Hapa ndipo mafundi wengi hupita mbio, na hapa ndipo fundi wa kweli hujitenga na anayebahatisha, kwa kuwa sehemu ile ile iliyofunguka hubeba ushahidi wa chanzo chake. Kingo zinapotenganishwa kwa upole na kuwekwa chini ya mwanga wa pembeni, huonekana moja kati ya hali tatu. Katika hali ya kwanza gundi yote imebaki upande mmoja na upande wa pili ni msafi na wenye kung'aa, ishara kwamba gundi haikushika tangu kiwandani au tangu ukarabati uliotangulia, aghalabu kwa sababu ya mafuta, vumbi au unyevu uliokuwapo siku ya kazi. Katika hali ya pili gundi imegawanyika yenyewe, nusu huku na nusu kule, ikiwa ama inavuta nyuzi nyembamba na kunata kwenye ncha ya kidole, ama imekauka na kumomonyoka kama unga wa rangi ya kaharabu; hapo gundi yenyewe imezeeka, na kama imezeeka mahali pamoja basi imezeeka kote, hata pale ambapo mshono bado umeshika. Katika hali ya tatu plastiki imeng'oka kutoka kwenye nyuzi, na nyuzi nyeupe za poliesta zinaonekana wazi upande mmoja huku alama za mfumo wake zikiwa zimechorwa kwenye plastiki iliyobaki upande wa pili.

Hali ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa, kwani kitambaa kizima kipo na kinachohitajika ni usafi na gundi sahihi. Hali ya pili inamtaka fundi awe na ujasiri wa kufungua zaidi ya pale palipoharibika, hadi afike sehemu ambayo gundi ya zamani inakataa kubanduka kabisa, na wakati mwingine sehemu hiyo haipatikani, ikimaanisha kwamba mshono wote wa urefu wa mita 3 au 4 sharti ufanywe upya. Hali ya tatu ni nzito kuliko zote, kwa sababu gundi mpya hata ikishika vizuri namna gani haiwezi kuzidi nguvu ya plastiki iliyokwisha kuachana na nyuzi zake. Mahali padogo panaweza kuokolewa kwa utepe mpana unaovuka hadi kwenye kitambaa kizima cha pande zote mbili, lakini tatizo hilo likionekana katika sehemu kadhaa za boti moja, fedha ya gundi ni bora iwekwe akiba ya boti nyingine.

Kuzeeka kwa gundi kunasababishwa zaidi na joto na unyevu vikifanya kazi pamoja. Gundi nyingi za boti za PVC ni za poliyurethani, jamii ya plastiki inayonyumbuka, na nyingi kati yake zina viungo vya kikemia ambavyo maji huvivunja polepole, upesi zaidi katika hali ya joto. Boti iliyokunjwa ikiwa na maji ya chumvi ndani na kufungiwa katika stoo yenye joto huzeeka haraka kuliko ile inayotumika kila wiki na kukaushwa. Jua nalo huongeza mzigo wenyewe. Hewa iliyofungiwa kwenye tyubu ya baa 0.25 katika nyuzijoto 20, ikipashwa hadi nyuzijoto 50 kwa kulala mchangani mchana kutwa, hufikia karibu baa 0.38, ongezeko la nusu nzima ambalo hakuna mtu aliyelipiga kwa pampu. Hata safari ya nchi kavu ina athari: boti iliyojazwa barabara Mombasa na kupakiwa juu ya gari ikiwa imejaa, ikifikishwa Ziwa Naivasha lililo karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, hukuta hewa ya nje imepungua kwa takriban baa 0.2, na mishono iliyokuwa ikihimili baa 0.25 hujikuta ikihimili kama 0.45. Sehemu ya hewa inapaswa kutolewa kabla ya kupanda nyanda za juu, na boti inayopumzika juani ilegezwe, kwani hakuna gundi iliyobuniwa kwa ajili ya uzembe wa aina hiyo.

Gundi inayofaa kwa kazi hii ni ile ya poliyurethani yenye sehemu mbili: gundi yenyewe katika kopo, na kigumishi katika chupa ndogo. Kigumishi ni kemikali ya jamii ya isosianeti, ambayo hufunga molekuli ndefu za gundi moja kwa nyingine na kuzifanya zistahimili joto, maji na vilainishi; gundi isiyo na kigumishi hushika vilevile, lakini hulegea joto linapopanda, yaani katika saa zile zile ambazo mshono unavutwa zaidi. Kipimo huandikwa na mtengenezaji na ni lazima kifuatwe, na mara nyingi ni karibu sehemu 1 ya kigumishi kwa sehemu 20 hadi 25 za gundi, kiasi ambacho jicho haliwezi kukikadiria na ambacho hudai bomba la sindano au mizani ndogo. Kigumishi kilichokuwa angavu na sasa kina ukungu au chembechembe kimekwisha kunywa unyevu wa hewa, na hakuna namna ya kukiokoa. Mchanganyiko nao una umri wa saa chache tu, hivyo huchanganywa kile kinachotosha mshono ulioandaliwa, na kinachobaki hutupwa, hata kama kinaonekana bado kizuri. Gundi za papo hapo za maduka ya rejareja hugeuka ngumu na kukatika boti inapokunjwa, na silikoni ni mbaya zaidi, kwa sababu haishiki PVC na huacha utando unaoikataa hata gundi sahihi itakayofuata.

Adui mkubwa wa kazi hii katika ukanda wa pwani ni unyevunyevu wa hewa, na sababu zake zinastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa maelekezo ya makopo mengi yameandikiwa nchi zenye hewa kavu zaidi na hutaja tu kwamba unyevu usizidi asilimia 60 au 70. Hewa ya nyuzijoto 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo ni hali ya kawaida kabisa Dar es Salaam wakati wa masika, huanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye ubaridi wa karibu nyuzijoto 26. Kiyeyushi kilichomo ndani ya gundi kinapopaa huchukua joto la kitambaa, na kitambaa hupoa kwa nyuzijoto kadhaa, kiasi cha kuweza kukifikia kipimo hicho. Matokeo yake ni tabaka la maji jembamba mno kuonekana, ambalo jicho makini hulitambua tu kwa kufifia kwa mng'ao wa gundi, kana kwamba mtu ameipulizia pumzi. Maji hayo hufanya mambo mawili kwa pamoja: hutenganisha gundi ya upande mmoja na ile ya upande wa pili, na hula kigumishi, kwani isosianeti ikikutana na maji hutoa hewa ya kaboni dioksaidi na kuacha vijipovu ndani ya tabaka lililopaswa kuwa zima. Mshono uliofungwa katika hali hiyo huonekana mzuri, hupita majaribio ya siku ya kwanza, kisha hufunguka baada ya wiki chache ukiwa katika ile hali ya kwanza iliyoelezwa hapo juu, upande mmoja wenye gundi na upande mmoja mtupu.

Dawa yake ni kuchagua wakati na mahali. Miezi ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba, huleta hewa iliyo kavu zaidi kuliko ya masika, na katika siku moja saa nane mchana hufaa kuliko alfajiri, lakini ndani ya banda, kwani jua la moja kwa moja hukausha uso wa gundi na kufungia kiyeyushi chini yake. Chumba chenye kiyoyozi kilichowashwa tangu usiku ni bora kuliko vyote, mradi boti, gundi na vifaa viwe vimelala humo humo hadi vyote vikawa na joto moja, na mradi mvuke wa kiyeyushi upate pa kutokea, maana mvuke huo hushika moto kwa cheche ndogo tu. Kipimo cha unyevu cha bei nafuu kinachoning'inizwa ukutani humsaidia fundi wa pwani kuliko brashi ya bei ghali.

Matayarisho huanza kwa kutoa hewa yote na kutandaza sehemu yenye mshono juu ya ubao bapa, kwa sababu mshono wa tyubu iliyojaa nusu hauwezi kukaa bila kuvutwa. Kabla ya kufungua zaidi, fundi huchora kwa penseli alama fupi zinazovuka kingo zote mbili kila baada ya sentimita 10, ili wakati wa kufunga kila sehemu irudi mahali pake. Wino hautumiki kwa kuwa huyeyuka na kusambaa ndani ya gundi. Kisha sehemu dhaifu hufunguliwa kwa kupashwa moto kidogo kwa mashine ya hewa moto huku ukingo ukivutwa polepole, na gundi ya zamani huondolewa kwa kuviringishwa chini ya kidole gumba au kwa kitambaa kilicholowa kiyeyushi, hasa methili ethili ketoni, ambayo hulainisha pia uso wa PVC na kuuandaa kupokea gundi mpya. Hapana budi gundi yote ya zamani itoke, maana gundi mpya iliyopakwa juu yake haitakuwa na nguvu zaidi ya ile iliyokwisha kushindwa. Kitambaa cha kufutia kiwe cheupe na kisicho na rangi wala nyuzi zinazong'oka, kipite upande mmoja tu na kugeuzwa mara kwa mara, kwani kukisugua mbele na nyuma ni kusambaza mafuta tu. Msasa mkali unaotumika kwa Hypalon hauna nafasi hapa, kwa kuwa plastiki iliyofunika nyuzi ni nyembamba, na nyuzi zikijitokeza fundi atakuwa ameitengeneza kwa mkono wake ile hali ya tatu.

Suala la afya halipaswi kuachwa mwishoni mwa orodha ya maelekezo, mahali ambapo hakuna anayelisoma. Mvuke wa isosianeti unaweza kuufanya mwili ugeuke mwepesi wa kudhurika, na mtu aliyefikia hali hiyo hupatwa na kubanwa kifua hata anapokutana na kiasi kidogo sana miaka ya baadaye, hivyo hewa ya chumba lazima itembee, na anayefanya kazi hiyo kila siku avae barakoa yenye kichujio cha kemikali, si ile ya kitambaa. Glavu nyepesi za naitraili huharibiwa upesi na ketoni. Zile za mpira wa butili ndizo zinazostahimili.

Gundi hupakwa kwa brashi fupi yenye nywele ngumu, pande zote mbili, kwa tabaka jembamba kiasi kwamba rangi ya kitambaa inaonekana chini yake. Tabaka la kwanza huachwa hadi likauke kabisa, kwa kawaida nusu saa au zaidi, kwa sababu kazi yake ni kuzama katika uso uliolainishwa na kuziba vitundu. La pili ndilo la kushikia, na wakati wa kulifunga hauamuliwi na saa ya ukutani bali na mgongo wa kidole: ukiguswa na kuinuliwa, gundi inapaswa kukivuta kidole kwa mkazo lakini isibaki juu yake wala isivute nyuzi. Ikivuta nyuzi, kiyeyushi bado kimo, na kikifungiwa ndani kitatafuta njia kwa miezi kadhaa kikiwa kimeilegeza gundi. Isiponata kabisa, muda umepita, ingawa hapo bado kuna njia ya heshima, nayo ni kuipasha gundi kwa hewa ya moto hadi kama nyuzijoto 60 au 70, ambapo poliyurethani huamka na kunata tena kwa sekunde chache. Mafundi wengi wazoefu hupendelea njia hii ya pili hata pale wasipochelewa, na kwa hali ya hewa ya pwani wana hoja nzuri, kwa sababu joto hufukuza unyevu uliotua juu ya gundi na humwezesha fundi kufunga mshono mrefu kipande kwa kipande, akiamsha sentimita chache, akizilaza, kisha akisogea mbele.

Kulaza ukingo ni kazi ya watu wawili katika mshono wowote unaozidi urefu wa mkono. Mmoja huushikilia ukingo wa juu ukiwa umeinuka, na mwingine hulinganisha alama za penseli na kuulaza kidogo kidogo, akibana kwa rola nyembamba ya chuma kutoka katikati kuelekea nje ili hewa isinaswe. Gundi ya aina hii hushika papo hapo, na ukingo uliolala vibaya haufai kuvutwa ili unyooke, bali hufunguliwa kwa kiyeyushi na kuanzwa upya. Nguvu ya mbano ina maana zaidi ya muda wa mbano: rola iliyosukumwa kwa uzito wa mwili mara moja hushinda mawe yaliyorundikwa juu ya mshono usiku kucha, kwa kuwa mawe hubana vilima vya kitambaa na kuacha mabonde bila kuguswa.

Ukingo ukishalala, bado kuna suala la nyuzi zilizokatwa. Poliesta iliyo katikati ya kitambaa huishia kwenye ukingo, na kila uzi una nafasi ndogo mno ndani yake ambamo hewa hupita, ikiingia kwenye ukingo uliokatwa ndani ya tyubu na kutokea mahali pengine kabisa, pengine sentimita 20 kutoka pale ilipoingia. Hii ndiyo asili ya fumbo linalowachosha wengi, la povu la sabuni linalochemka kando ya mshono usio na ufa wowote. Kiwandani kingo za ndani hufunikwa kwa utepe mwembamba, na utepe huo ukiachana uvujaji huanza hata kama mshono wenyewe bado ni mzima. Kwa kuwa fundi hawezi kuingia ndani ya tyubu bila kuipasua, hupaka gundi ya majimaji kwenye ukingo ulio wazi na kuongeza utepe wa PVC wa nje, wenye upana wa sentimita 5 hivi na kona zilizokatwa kwa mviringo, kwani kona kali ndiyo inayoanza kuinuka. Kuta za ndani zinazogawa vyumba vya hewa ni shida kubwa zaidi: zikiachana, chumba kimoja hupungua na jirani yake hujaa, na kuzifikia kunahitaji kuchanwa kwa tyubu na kufungwa tena, kazi ambayo haifai kujaribiwa na mtu anayefunga mshono wake wa kwanza.

Mshono kati ya sakafu na tyubu unahitaji uangalizi wa peke yake, kwa sababu hapo mzigo ni wa kubandua tangu mwanzo. Boti iliyoingiwa na lita 100 za maji hubeba kilo 100 zinazoivuta sakafu chini kutoka kwenye tyubu, hasa inapoburutwa ufukweni kabla ya kumwagwa, na hali ni hiyo hiyo kwenye ubao wa nyuma unaobeba injini, ambao hutikiswa mbele na nyuma kila injini inapoongezewa kasi. Ndiyo maana viwanda hugandisha sehemu hizo kwa tepe mbili, moja juu na moja chini, ili upande mmoja unapoelekea kubanduliwa ule wa pili uvutwe kwa usambamba. Anayekarabati upande unaoonekana pekee, na kuuacha ule wa chini kwa kuwa haujaachana kabisa, huurudisha mshono kwenye udhaifu uleule uliouangusha.

Mipaka nayo itajwe waziwazi. Boti za kujiokolea zinazobebwa na meli zikiwa zimekunjwa ndani ya makasha hazimhusu fundi wa kawaida kwa namna yoyote, kwani mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unazitaka zikaguliwe katika vituo vilivyoidhinishwa, kwa kawaida kila baada ya miezi 12. Maboya ya kuvaa ya kujaza hewa yanastahili tahadhari ileile.

Mshono uliofungwa huachwa bila hewa kwa angalau saa 24, na siku 7 ni bora, maana kigumishi huendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya gundi kuonekana imekauka. Kisha boti hujazwa hadi nusu ya shinikizo lake, mshono hupakwa maji ya sabuni kwa sifongo, na ukipita hapo hujazwa kamili na kuachwa usiku mzima. Usomaji wa asubuhi unahitaji busara, kwa kuwa tyubu iliyojazwa baa 0.25 katika nyuzijoto 32 za alasiri itasomeka karibu baa 0.22 katika nyuzijoto 24 za alfajiri bila kuvuja hata kidogo, na mafundi kadhaa wameifungua mishono mizima kwa kutojua hesabu hiyo. Kipimo cha haki huchukuliwa wakati joto la chumba limerudi lilipokuwa. Mwisho, kabla boti haijarudishwa majini, mstari mwembamba wa penseli huchorwa kando kabisa ya ukingo uliogandishwa, kwa urefu wake wote. Gundi iliyodhoofishwa na unyevu au vilainishi haifunguki ghafla, bali huteleza kwanza kwa milimita moja au mbili katika wiki za mwanzo za matumizi, na ukingo uliouacha mstari wake humpa mwenye boti nafasi ya kuufungua mshono huo akiwa bado yuko nchi kavu.